Dalili au Ishara? Nahau ya Kiingereza "Red Flag" na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana na matumizi ya nahau ya Kiingereza "red flag", ambayo hutaja jambo linaloonya kuwa kuna hatari. Inaelezwa kwamba nahau hiyo huunganisha dhana mbili ambazo Kiswahili huzitenga, yaani dalili, ambayo huonwa na mtu bila ya kutolewa na yeyote, na ishara, ambayo hutolewa na mtu kwa makusudi. Kwa sababu hiyo tafsiri sisisi "bendera nyekundu", ijapokuwa inazidi kuenea, aghalabu humficha msomaji jambo ambalo angepaswa kulijua: kama kuna mtu aliyeonya, au hapakuwa na mtu ila mambo yenyewe. Mifano imetolewa katika nyanja za tiba, fedha na mazungumzo ya kawaida, na mapendekezo yametolewa kwa mfasiri.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vipengele vya lugha vinavyomsumbua mfasiri, nahau hushika nafasi ya mbele. Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda. Kwa kawaida mfasiri huonywa asiifasiri nahau neno kwa neno, bali atafute katika lugha lengwa usemi wenye athari ileile. Huo ndio msingi wa nadharia ya ulinganifu wa kimwitiko iliyoelezwa na Eugene Nida mwaka 1964.

Onyo hilo ni sahihi, lakini linachukulia kwamba maana ya nahau katika lugha chanzi ni moja na inajulikana. Nahau inayojadiliwa hapa inaonyesha kuwa hali si hivyo daima. Mzungumzaji wa Kiingereza hulitumia fungu la "red flag" kwa mambo mawili yaliyo tofauti kimantiki, wala haoni tofauti hiyo kwa kuwa lugha yake haimlazimishi kuiona. Kiswahili humlazimisha. Kwa hiyo kuifasiri nahau hii kwa Kiswahili si kazi ya kutafuta kisawe tu, bali pia ni kazi ya kuichambua.

Umuhimu wa suala hili si wa kinadharia pekee. Nahau hii imejaa katika miongozo ya tiba, taarifa za ukaguzi wa hesabu, kanuni za mabenki na ripoti za ajali. Matini za aina hii hufasiriwa kila siku Afrika ya Mashariki, na wanaozisoma huzitegemea kwa uhai na mali zao.

2.0 Asili ya Nahau

Kabla haijawa sitiari, bendera nyekundu ilikuwa kitu halisi chenye kazi maalumu. Kazi hizo zilikuwa nyingi, na hazikukubaliana.

Kazi ya kwanza ni ya onyo la mamlaka. Nchini Ufaransa, sheria ya Oktoba 1789 kuhusu hali ya hatari iliagiza kuwa bendera nyekundu ipandishwe kuwatangazia watu kwamba mkusanyiko wao haukuruhusiwa tena, na kwamba wasipotawanyika nguvu za kijeshi zitatumika. Tarehe 17 Julai 1791 bendera hiyo ilipandishwa katika uwanja wa Champ de Mars, Paris, na watu wakapigwa risasi. Baadaye bendera ileile ilichukuliwa na upande wa pili. Katika mapinduzi ya mwaka 1848 wafanyakazi wa Paris walitaka iwe bendera ya taifa, naye Lamartine akawapinga. Mwaka 1871 ikawa bendera ya Komyuni ya Paris. Hivyo kitambaa kilichokuwa onyo la watawala kwa waasi kiligeuka kuwa nembo ya waasi wenyewe, na maana hiyo ya kisiasa ingali hai.

Kazi ya pili ni ya usalama wa usafiri. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 kuhusu magari ya mvuke iliagiza kwamba kila gari la namna hiyo litanguliwe na mtu aendaye kwa miguu, kiasi cha yadi 60 mbele, akiwa ameshika bendera nyekundu. Sharti la bendera liliondolewa mwaka 1878. Katika reli, bendera nyekundu ilimwamuru dereva wa gari moshi asimame. Katika bandari, bendera nyekundu yenye mkato wa pembe, ambayo katika mfumo wa kimataifa wa ishara za baharini husimama badala ya herufi B, hutangaza kuwa chombo kinapakia, kinapakua au kimebeba shehena ya hatari.

Katika matumizi haya yote kuna sifa moja isiyobadilika. Daima kuna mtu aliyeishika au aliyeipandisha bendera, na amefanya hivyo ili mtu mwingine aione na aelewe. Bendera halisi haijipandishi.

3.0 Maana ya Nahau katika Kiingereza cha Leo

Nahau ya leo imeipoteza sifa hiyo kwa kiasi kikubwa. Matumizi yake yanaweza kugawanywa katika makundi mawili.

Katika kundi la kwanza, mtu ndiye anayepandisha bendera. Mkaguzi, mhandisi au mfanyakazi husemwa kuwa "amepandisha bendera nyekundu" anapowajulisha wakubwa wake kwamba kuna kasoro. Hapa sitiari bado iko karibu na kitu halisi: kuna mtoaji, kuna ujumbe, na kuna mpokeaji.

Katika kundi la pili, ambalo kwa sasa ndilo kubwa zaidi, kinachopandisha bendera ni jambo lenyewe. Hesabu zisizolingana, homa isiyoisha au jibu la kukwepa huweza kuwa kiima cha kitenzi kilekile. Hapa hakuna mtoaji. Mwenye hesabu zisizolingana hakutaka zionekane, na mgonjwa mwenye homa hakuichagua homa yake. Aliyepo ni mtazamaji tu, na hata huyo hatajwi katika sentensi.

Tofauti kati ya makundi haya inalingana kwa sehemu kubwa na ile iliyoelezwa na mwanafalsafa H. P. Grice katika makala yake ya mwaka 1957 kuhusu dhana ya maana. Grice alitenga maana ya kimaumbile, kama vile madoa ya ngozi yanapomaanisha surua, na maana isiyo ya kimaumbile, kama vile kengele ya basi inapomaanisha kwamba basi limejaa. Madoa hayakupigwa na mtu ili kumwarifu mwingine, lakini kengele ilipigwa kwa nia hiyo hasa. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa hali zote mbili, na nahau ya bendera imefuata njia hiyohiyo.

Upana huo ndio ulioiwezesha nahau kuingia katika lugha za taaluma. Mwaka 1994 miongozo ya tiba ya maumivu ya mgongo iliyotolewa Marekani iliitumia kutaja hali zinazomtaka mganga ashuku ugonjwa mkubwa, kama vile uvimbe wa saratani, maambukizi au mgandamizo wa neva. Mwaka 1997, New Zealand ilitolewa orodha ya "bendera za manjano", yaani hali za kisaikolojia na kijamii zinazoweza kuyafanya maumivu yawe ya kudumu. Mwaka 2007 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, pamoja na wasimamizi wa mabenki, ilitoa kanuni zenye jina la nahau hii kuhusu wizi wa utambulisho wa wateja. Katika jimbo la Connecticut, sheria iliyopitishwa mwaka 1999 iliruhusu mahakama kuamuru kuchukuliwa kwa silaha za mtu anayeonekana kuwa hatari, na sheria za namna hiyo huitwa leo kwa jina la nahau hiyohiyo.

4.0 Dalili na Ishara katika Kiswahili

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana katika uwanja huu: dalili, ishara, alama, onyo, tahadhari. Mengi yametoka Kiarabu. Mawili ya kwanza ndiyo yanayohusika zaidi. Asili ya "dalili" inahusu uongozi na uthibitisho, yaani kile kimwongozacho mtu hadi kwenye jambo. Asili ya "ishara" inahusu kuelekeza na kuonyesha, hasa kwa mkono au kwa jicho. Tofauti hii ya asili imebaki katika matumizi, kama sentensi zifuatazo zinavyobainisha. Alama ya nyota inaonyesha sentensi isiyokubalika.

(1) Mgonjwa ana dalili za malaria.
(2) *Mgonjwa ana ishara za malaria.
(3) Askari alimpa dereva ishara ya kusimama.
(4) *Askari alimpa dereva dalili ya kusimama.

Dalili huonwa, hutambuliwa, hujitokeza; mtu anaweza pia kuionyesha pasipo kujua. Ishara hutolewa na hupokewa. Kwa hiyo ishara inaweza kuwa ya uongo, kwa kuwa aliyeitoa anaweza kukusudia kudanganya. Dalili yenyewe haisemi uongo. Anayekosea ni yule aliyeisoma vibaya.

Ni lazima ikubalike kwamba mpaka huu una mianya. Kitenzi "kuashiria" hutumika bila tatizo kwa vitu visivyo na nia, kama katika sentensi "mawingu haya yanaashiria mvua". Aidha, katika matumizi ya kidini na ya utabiri, neno "ishara" hutaja matukio ya kimaumbile. Hata hivyo mwanya huu wa pili unathibitisha kanuni badala ya kuivunja, kwani mwenye kuliita tukio la kimaumbile kuwa ishara huwa anaamini kuwa yuko aliyelileta ili watu waonywe.

Methali zinafuata mgawanyo huohuo. "Dalili ya mvua ni mawingu" inahusu kile mtazamaji anachokisoma katika ulimwengu. "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo" inahusu tangazo lililotolewa na mtu kwa watu. Ni vigumu kubadilishana methali hizi. Mbele ya hesabu zisizolingana msemaji atasema ya mawingu. Baada ya mkaguzi kuandika barua, atasema ya mbiu. Ikumbukwe pia kwamba si kila wingu huleta mvua, na wasema Kiswahili wanalijua hilo. Dalili haithibitishi, bali inamtaka mtu achunguze. Katika jambo hili neno la Kiswahili liko karibu na maana ya kitaaluma ya nahau kuliko dhana ya Grice, kwa kuwa kwake yeye madoa yanayomaanisha surua hayawezi kuwapo pasipo surua.

5.0 Bendera katika Kiswahili

Swali linalofuata ni kama tafsiri sisisi inaweza kuijaza nafasi hii. Kikwazo cha kwanza ni kuwa neno "bendera", lililotoka Kireno, lina sitiari yake tayari. "Bendera hufuata upepo" husemwa juu ya mtu asiye na msimamo. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, mtu anayeitwa bendera ni kigeugeu, wala si mtu wa kuhofiwa.

Kikwazo cha pili ni cha kihistoria. Bendera ya Usultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu hadi Desemba 1963, na ndiyo iliyopepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, kuonyesha kuwa ukanda wa mwambao ulikuwa chini ya Sultani kwa jina. Oman nayo ilikuwa na bendera nyekundu tupu hadi mwaka 1970. Kwa kizazi cha watu wa mwambao, kutweka bendera nyekundu kulikuwa ni kutangaza himaya. Kwa wengine, vitambaa vyekundu na vyeupe vilivyofungwa penye mizimu huashiria mahali pa kutambikia.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa wasema Kiswahili hawaijui bendera kama ishara ya hatari. Penye matengenezo ya barabara husimama mtu mwenye bendera nyekundu na mwenzake mwenye ya kijani, na madereva huwatii. Mzigo uliotokeza nyuma ya lori hufungwa kitambaa chekundu. Katika kandanda, mshika kibendera hunyoosha kibendera chake mchezaji anapootea. Lori likiharibika njiani, utingo hukata matawi ya miti na kuyalaza barabarani hatua kadhaa nyuma yake, na hakuna dereva asiyeielewa lugha hiyo. Matumizi yote haya, lakini, ni ya ishara. Kila mara yupo mtu aliyeishika bendera, aliyekifunga kitambaa au aliyeyalaza matawi.

Kwa hiyo tafsiri sisisi inaweza kueleweka katika kundi la kwanza la matumizi, pale ambapo kuna mtu aliyeonya. Inashindwa katika kundi la pili. Kumwambia msomaji kwamba homa ni "bendera nyekundu" ni kumwambia kuwa kuna aliyeipandisha, naye atabaki akimtafuta. Hali hii inaeleza pia kwa nini "kadi nyekundu" imekubalika kwa urahisi kama sitiari ya kufukuzwa. Mwamuzi anaonekana, naye ndiye anayeitoa.

6.0 Matokeo kwa Mfasiri

6.1 Tiba

Katika maumivu ya mgongo, miongozo humtaka mganga amhoji mgonjwa kuhusu ganzi katika makalio na sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo, kupungua uzito pasipo sababu, homa, na historia ya saratani. Hizi zote ni dalili. Lakini neno "dalili" peke yake halitoshi, kwa kuwa hata maumivu yenyewe ni dalili. Kinachotakiwa ni kulitenga fungu dogo la dalili ambazo zikionekana hazingoji kesho. Kiswahili cha kliniki za Afrika ya Mashariki kimekwisha kulitatua tatizo hili kwa istilahi "dalili za hatari". Mama mjamzito hufundishwa kuwa kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa na degedege ni dalili za hatari. Vivyo hivyo, mwongozo wa tiba ya watoto uliotayarishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katikati ya miaka ya 1990 unahesabu kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege na kulegea au kupoteza fahamu.

Hakuna sababu ya kuiacha istilahi hii kwa ajili ya bendera. Mama anayesoma kikaratasi usiku wa manane, mtoto akiwa mapajani, hapaswi kufumbuliwa fumbo kwanza. Hali moja tu inaweza kuruhusu tafsiri sisisi, nayo ni matini ya kitaalamu inayofafanua mfumo mzima wa bendera za rangi mbalimbali. Hapo rangi ni sehemu ya istilahi, na bendera nyekundu haina budi kusimama pamoja na ya manjano. Hata hivyo kila moja ifafanuliwe inapotajwa kwa mara ya kwanza.

6.2 Fedha na Ukaguzi

Katika uwanja huu mchanganyiko wa dhana huweza kugeuza lawama. Mfano unaojulikana ni wa Bernard Madoff, mwekezaji wa New York aliyekamatwa Desemba 2008 na kuhukumiwa mwaka 2009 kifungo cha miaka 150 kwa udanganyifu mkubwa. Miaka mitatu kabla ya kukamatwa kwake, mwezi Novemba 2005, mchambuzi wa fedha Harry Markopolos alikuwa amewasilisha kwa tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani waraka uliodai kuwa biashara hiyo ni ya ulaghai. Waraka ulipanga hoja zake kwa namba, na kila hoja iliitwa kwa nahau hii. Miongoni mwa hoja hizo ni faida iliyopatikana karibu kila mwezi bila ya kupanda na kushuka kwa kawaida ya soko.

Mtu akiandika kwa Kiingereza kwamba katika kisa cha Madoff "bendera nyekundu" zilikuwa nyingi, sentensi yake inaweza kuhusu faida isiyo ya kawaida au inaweza kuhusu waraka. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuamua. Akisema "dalili zilikuwa nyingi", msomaji atauliza kama kulikuwa na mtu mwenye ujuzi wa kuzitambua. Akisema "maonyo yalikuwa mengi", msomaji atauliza kwa nini waliopewa hawakuyatii. Swali la kwanza linahusu ujuzi, na la pili linahusu wajibu. Ripoti inayosema "bendera" tu humpa kiongozi mzembe mahali pa kujificha, kwani onyo alilolipuuza linageuka kuwa wingu ambalo hakuna aliyelitazama.

6.3 Mazungumzo ya Kawaida

Vijana wa mijini, Nairobi na Dar es Salaam, huitumia nahau kwa Kiingereza chenyewe, hasa wanapozungumzia tabia za wachumba. Si kazi ya mwanaisimu kuwakataza. Inafaa tu kuonyeshwa kuwa Kiswahili hakikukosa maneno. Mtu ambaye mwenendo wake unatia shaka husemwa kuwa "ana walakini". Jambo lisilo wazi husemwa kuwa "lina namna". Naye aliyehisi hatari kabla haijadhihirika husema "machale yamenicheza". Semi hizi za Kiswahili hutaja kasoro yenyewe au hisia ya mwenye kuitambua, na hakuna hata mmoja unaobuni mtu wa tatu aliyeshika bendera.

6.4 Mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa, mfasiri anashauriwa afuate hatua zifuatazo:

(a) Ajiulize kama katika matini kuna mtu aliyeonya. Kama yupo, atumie "kuonya", "kutahadharisha" au "kupiga mbiu", na amtaje mtu huyo ikiwa matini inamruhusu.

(b) Kama hayupo, atumie "dalili", na pale ambapo hatua ya haraka inahitajika, "dalili ya hatari".

(c) Kama matini chanzi yenyewe ina utata, asiuhamishe kimyakimya kwa kuandika "bendera nyekundu". Atafute jibu katika muktadha, na akilikosa amuulize mwandishi au mteja wake.

(d) Tafsiri sisisi aiache kwa matini zinazozungumzia bendera halisi, au mifumo ya kitaalamu ambamo rangi ni sehemu ya istilahi.

7.0 Hitimisho

Mara nyingi husemwa kuwa Kiswahili hakina budi kupanuliwa ili kiweze kubeba fikra zinazotoka katika Kiingereza. Nahau iliyojadiliwa hapa inaonyesha upande mwingine wa suala hilo. Kiingereza kilichukua kitu kilichohitaji mkono wa mtu na kukitumia kwa mambo yasiyo na mkono wowote, na kwa kufanya hivyo kikapata usemi mwepesi lakini kikapoteza tofauti moja. Kiswahili kimeihifadhi tofauti hiyo katika maneno yanayojulikana na kila mtu, tangu mkunga wa kijijini hadi mkaguzi wa serikali. Mfasiri anayeandika "bendera nyekundu" kila mahali anaitupa hazina hiyo, na pamoja nayo anaufuta mpaka kati ya hatari ambayo hakuna aliyeiona na hatari ambayo watu walionywa wakanyamaza.